Aliyepiga Kura ni Umri Wangu, Si Mimi

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kiln Row,
Burslow, Staffordshire.
Jumanne, siku ya tano baada ya uchaguzi.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Utafiti wa Maoni ya Pemberwick na Wenzake,
London.

Mheshimiwa Mkurugenzi unayenijua kuliko ninavyojijua,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KURA YANGU, PAMOJA NA OMBI LA CHETI

Awali ya yote napenda kukujulisha kwamba mimi ni mzima, ingawa naamini habari hiyo tayari unayo kwenye jedwali.

Naitwa Beryl Cronshaw. Nina umri wa miaka sabini na mitatu, ni mjane wa marehemu Wilf Cronshaw, na kwa miaka thelathini na mmoja nilichora maua ya waridi kwenye vikombe vya chai katika kiwanda ambacho sasa ni maegesho ya magari. Nakuandikia bila hasira. Hasira niliimaliza jana nikipiga pasi.

Wiki tisa zilizopita afisa wako, Bi. Philippa Garside, alibisha mlangoni kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa amekifunika kishikwambi chake kwa mfuko wa plastiki huku yeye mwenyewe akilowa, nami nikaelewa mara moja kipi kina thamani katika kampuni yako. Aliniuliza umri. Aliniuliza kama nyumba ni yangu, nikamwambia ni yangu, na paa linalovuja pia ni langu. Aliniuliza niliacha shule nikiwa na miaka mingapi, nikasema kumi na mitano. Kisha akauliza nasoma gazeti gani, marehemu mume wangu alifanya kazi gani, na kama mimi ni mzaliwa wa hapa. Nilimwonyesha nyumba niliyozaliwa. Iko upande wa pili wa barabara. Kila nilipojibu alitikisa kichwa kama daktari anayesikia kikohozi anachokifahamu. Swali la mwisho lilikuwa nitampigia nani kura. Nilipofungua mdomo, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

"Asante, mama," alisema. "Hapo hatuna shida."

Wiki mbili baadaye gazeti la mjini kwetu likachapisha matokeo yenu. Jina langu halikuwamo, nami nashukuru kwa ustaarabu huo. Palikuwa na mchoro wa bibi mwenye mkoba, na chini yake maneno haya: mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mwenye nyumba yake, aliyeacha shule mapema, mkazi wa mji uliopoteza viwanda, kati ya kila mia wa aina hii, sitini na wanane watawapigia Wahafidhina. Burslow ni mji mdogo, Mheshimiwa. Jumamosi nilipoingia dukani kwa Geoff, muuza chapati za shayiri, alinikaribisha mbele ya foleni nzima.

"Karibu, Bi. Sitini na Nane. Tuweke jibini kama kawaida, au tusubiri utafiti?"

Foleni ilicheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa nadhani ndivyo wanavyofanya wengi wa kundi langu.

Sasa naomba niyaorodheshe malalamiko yangu kwa utaratibu, ili iwe rahisi kwenu kuyapa asilimia.

1. Hakuna anayebisha mlango wangu tena.

Zamani uchaguzi ulipokaribia, mlango huu haukupumzika. Walikuja Leba, chama cha wafanyakazi, walikuja Wahafidhina, walikuja hata wale wa katikati ambao Wilf alikuwa akiwahurumia na kuwapa biskuti. Wilf alisimama kizingitini na soksi zake, akabishana nao kuhusu reli, kuhusu migodi, kuhusu bei ya mkate, hadi chai ikapoa. Mwaka mmoja alibishana na mgombea mwenyewe kwa dakika arobaini, na yule bwana akaondoka akiwa amesahau mwavuli. Bado ninao.

Mwaka huu Wahafidhina hawakuja, kwa kuwa mmewaambia kwamba wameshanipata. Leba nao hawakuja, kwa kuwa mmewaambia kwamba wameshanikosa. Niliona kwa macho yangu, nikiwa nyuma ya pazia, mama mmoja mwenye utepe mwekundu wa Leba kifuani akifungua geti langu. Alitazama simu yake. Akalirudisha geti taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kina mwenyewe. Akaenda nyumba Na. 16.

Nina nyonga ya bandia niliyoisubiri miezi kumi na mmoja, Mheshimiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi sana kuhusu miezi hiyo kumi na mmoja. Bado ninayo pia, pamoja na mwavuli.

2. Bw. Chaudhry wa Na. 16.

Huyu ni jirani yangu, Bw. Nadeem Chaudhry, umri wa miaka hamsini na minane, mwenye duka la makufuli, misumari na rangi. Baba yake aliendesha basi lililonipeleka kazini. Tangu ujana wake Bw. Chaudhry ni Mhafidhina wa kupindukia; anaamini kodi ni wizi na ana maoni makali kuhusu watu wanaochelewa kuamka. Lakini jedwali lenu lina mstari kwa ajili ya jina lake, dini yake na mahali babu yake alikozaliwa, na mstari huo unasema yeye ni Leba. Basi Leba wamebisha kwake mara tano kumshukuru mapema. Wahafidhina hawajambishia hata mara moja.

"Bi. Cronshaw," aliniambia juu ya ukuta wa bustani, "miaka thelathini nawatafuta hawa watu wangu. Nimewaandikia barua. Wakifika getini wanasoma jina langu, wanavuka barabara."

Tukakubaliana, kama majirani wenye busara, kubadilishana nyumba Jumamosi moja. Yeye akae kwangu apumzike, mimi nikae kwake nibishiwe. Saa tano na nusu mlango ukagongwa. Nilivua aproni, nikafungua. Alikuwa bwana mwenye ndevu na karatasi nyingi. Alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena.

"Samahani, mama, namtafuta Bw. Chaudhry."

Nilimwambia Bw. Chaudhry hayupo lakini mimi nipo, na aniulize chochote anachotaka, kwa mfano kuhusu hospitali. Akauliza nyumba yangu ni ipi. Nikasema Na. 14. Aliitafuta Na. 14 kwenye simu yake, na alipoipata uso wake ukawa wa upole sana, ule upole wa mtu anayesoma picha ya mapafu ya mwenzake.

"Ahaa," alisema. "Basi uwe na siku njema, mama."

Nilirudi kwangu. Bw. Chaudhry alikuwa amelala kwenye kiti cha Wilf, gazeti kifuani. Alisema hajapata usingizi mzuri kama huo tangu uchaguzi utangazwe.

3. Juhudi zangu za kujirekebisha.

Usidhani nimekaa tu nikilalamika. Kwa kuwa kosa ni la sifa zangu, nilijaribu kuzibadilisha. Gazeti lilieleza kwamba wenye shahada hupiga kura tofauti na wasio nayo, kwa hiyo nilikwenda chuo cha mjini nikamwuliza msajili ni katika wiki ya ngapi ya masomo mwanafunzi huanza kubadili chama. Alifikiri natania. Nikamwonyesha jedwali. Akasema kwa masomo ya jioni shahada ni miaka sita. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki nne.

Nikaenda kwa dalali wa nyumba. Nilimwuliza: nikiuza nyumba Jumatatu na kupanga chumba Jumanne, je, kufikia Alhamisi nitakuwa nimeanza kufikiri kama mpangaji? Alisema hajawahi kuulizwa swali hilo, ila kwa uzoefu wake kitu cha kwanza kubadilika kwa mpangaji ni usingizi. Kuhusu umri, nilimwona daktari. Alinipima shinikizo la damu akaniambia nipunguze chumvi.

4. Binti yangu Rosalind.

Hili ningependa ulisome ukiwa umekaa.

Rosalind ana miaka thelathini na tisa. Anafundisha jiografia katika shule ya sekondari huko Bristol, ana shahada mbili, na amepanga vyumba viwili juu ya duka la kufulia nguo. Kwa jedwali lenu yeye ni safu nyingine kabisa, tena safu ya mbali. Huja kwangu kwa treni mara moja kwa mwezi kula chakula cha mchana cha Jumapili, na Jumapili asizokuja hupiga simu saa tano kamili, kabla sijaweka nyama kwenye oveni. Hajawahi kukosa, hata mwaka alipovunjika mkono.

Jumapili ile alifika na gazeti alilolinunua kituo cha treni. Nilikuwa nimeoka nyama ya kondoo, nimetengeneza sosi ya mnanaa. Alilitandaza gazeti mezani kando ya viazi.

"Mama, huyu ni wewe?"

Nikasema mkoba si wangu.

Hakucheka. Alisema yeye na wenzake wanatoa nusu ya mshahara kwa vyumba vyenye ukungu ukutani. Alisema ana wanafunzi wanaokuja shule bila kunywa chai. "Halafu kila baada ya miaka michache," alisema, "ninyi mnavaa makoti yenu mazuri, mnakwenda kutuamulia. Mkirudi mnatuuliza kwa nini hatuna watoto."

Mimi simwulizi kwa nini hana watoto, Mheshimiwa. Niliwahi kuuliza mara moja, miaka minane iliyopita, nikaona uso wake, sikurudia. Lakini bila shaka kundi langu huuliza, na mimi ni kundi langu.

Nilipaswa kusema jambo. Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, nikamwuliza kama aongezewe. Hilo ni kosa langu, wala silitupi kwa mtu mwingine. Alisimama, akavaa koti. Pai ya matofaa ilikuwa bado ndani ya oveni, na Rosalind tangu aote meno hajawahi kuiacha pai ya matofaa.

"Sitini na wanane kati ya mia," alisema akiwa mlangoni. "Sikutaka uwe mmoja wao, Mama."

Pai niliimaliza peke yangu kwa siku nne. Jumapili iliyofuata nilikaa karibu na simu tangu saa nne na nusu. Nyama iliungua kidogo. Jumapili ya pili nilinyanyua kipokezi kuona kama simu inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Jumapili ya tatu sikupika. Mpaka leo zimepita sita.

5. Siku yenyewe ya kupiga kura.

Nilikwenda Alhamisi asubuhi, nikiwa na koti langu zuri kama ilivyotarajiwa. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, penseli zimefungwa kwa uzi ili wenye shahada wasiondoke nazo. Mbele yangu alikuwa msichana wa chuo. Alitoa kadi yake ya nauli ya treni, ya vijana, yenye picha yake. Msimamizi alisema kwa masikitiko kwamba kadi hiyo haimo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubalika. Mimi nikatoa kadi yangu ya basi, ya wazee, yenye picha ninayofanana na mtu aliyekamatwa. Hiyo imo kwenye orodha. Nikapita. Msichana akarudi alikotoka kutafuta pasipoti, na mvua ilikuwa imeanza. Sikumwona akirudi.

Nakupongeza kwa hilo, ingawa najua sheria hiyo si yako. Jedwali linapokuwa na safu mbili, ni vizuri moja ipite kwa basi.

6. Matokeo.

Kama unavyofahamu, Leba walichukua jimbo letu kwa tofauti ya kura arobaini na moja. Asubuhi yake mtaalamu wenu mwenye tai ya zambarau alieleza kwenye televisheni kwamba Burslow imebadilika kwa sababu vijana wenye elimu wamejitokeza kwa wingi, na kwamba wazee wamebaki pale pale walipokuwa. Nilikuwa nimebaki pale pale kweli, kwenye sofa, nikila mkate na siagi. Nilihuzunika kwa kiasi kinacholingana na kundi langu, kisha nikaenda kumwagilia nyanya.

Baada ya maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, naomba cheti. Kiwe cha karatasi nzito, chenye mhuri, kieleze kwamba kura iliyohesabiwa kwangu haikupigwa na mimi, Beryl. Ilipigwa na miaka sabini na mitatu, ikisaidiwa na nyumba yenye vyumba vitatu, shule niliyoiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, na kiwanda kilichofungwa. Mimi nilibeba penseli tu. Cheti hicho nitamtumia Rosalind kwa posta. Yeye ni mwalimu, huheshimu karatasi zenye mhuri. Akiona kwamba kampuni kubwa ya London imethibitisha kuwa mama yake hakuwa na namna, ataona hakuna sababu ya kunikasirikia, kama vile hawezi kuikasirikia mvua.

Pili, naomba cheti kingine kwa ajili ya Rosalind mwenyewe. Mtanieleza ni wangapi kati ya mia, walio na miaka thelathini na tisa, shahada mbili na vyumba vyenye ukungu, huacha kuwapigia simu mama zao. Nadhani ni wengi. Kama wanazidi nusu, basi si yeye aliyeondoka mezani kwangu. Ni kodi ya pango ndiyo iliyovaa koti ikaondoka. Mimi nimeshaisamehe kodi hiyo. Nataka tu maandishi.

Tatu, kwa kuwa kura zetu zinajulikana wiki tisa kabla, napendekeza kwa moyo wa kizalendo kwamba uchaguzi ufutwe kwa watu wanaofahamika. Bi. Garside apite nyumba kwa nyumba kuhesabu umri, paa na vyeti vya shule, apeleke jumla bungeni. Kumbi za makanisa zibaki kwa ajili ya harusi. Wachache msiowaelewa, kama Bw. Chaudhry, wawekwe kwenye chumba kimoja chenye chai, wakae humo wakipiga kura peke yao mpaka watulie.

Nne, ikiwa haya yote hayawezekani, basi nitumieni mtu mmoja tu aje abishe hodi. Awe wa chama chochote, au asiwe na chama. Anisikilize habari za nyonga. Ninazo biskuti.

Nakutakia afya njema na mafanikio katika kazi yako ya kutujua. Naomba unifikishie salamu kwa Bi. Garside, na natumaini alikauka. Wasalimu pia yule mtaalamu wa tai ya zambarau, mchoraji wa mkoba, na kwa namna ya pekee wale thelathini na wawili waliobaki kati ya mia, popote walipo, maana sijawahi kusikia mtu akiwasalimu.

Ni mimi mpigakura wako uliyenihesabu,

Beryl Cronshaw (Bi.)

N.B. Nimelazimika kuifungua tena bahasha hii kwa mvuke wa birika. Nilikuwa nikivaa viatu kwenda posta, simu ikalia. Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, muda ambao binti yangu hajawahi kupiga maishani mwake. Hatukusalimiana vizuri. Akasema, "Mama, hivi ulimpigia nani?"

Mheshimiwa, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akasubiri jibu. Wilf hakuuliza, alidhani anajua, na kwa heshima yake nilimwacha adhani, hivyo kila uchaguzi tulikwenda pamoja, kura zetu zikafutana, tukarudi kula. Bi. Garside naye alikuwa analowa, nami sikuona haja ya kumchelewesha kwa kumrekebisha. Basi nikamwambia Rosalind ukweli: nimewapigia Leba, kama nilivyofanya katika kila uchaguzi tangu mwaka 1974, ule mwaka tuliopiga kura mara mbili. Kwa hiyo, kati ya wale vijana wenye elimu waliojitokeza Burslow, mmoja ni mimi.

Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia nilikuwa nimeshika bakuli.

Ndipo na yeye akaungama. Alihama nyumba mwezi wa tatu, hakujiandikisha upya, na Alhamisi alirudishwa mlangoni mwa kituo cha kura. Hakupiga kura kabisa. Alilia kidogo, nami nikamwacha alie, maana nilikuwa na neno la kusema safari hii na nilitaka alisikie vizuri. Nikamwambia kura yangu ilikuwepo, na imetosha watu wawili.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote hapo juu isipokuwa lile la nyonga. Vyeti sivihitaji. Rosalind anakuja Jumapili kwa treni ya saa nne. Amesema tugombane upya tangu mwanzo, kila mtu kwa maneno yake mwenyewe, na kwamba hatainuka mezani mpaka tumalize.